Nyika Ina Wenyewe

Msomaji mwenzangu, ichukue ramani ya Australia uitazame katikati. Pembeni majina yamebanana: Sydney, Melbourne, Brisbane, Perth, Adelaide, kama watu waliokimbilia ufukweni kupunga upepo. Katikati hamna kitu. Mchoraji kapaka rangi ya mchanga, kapitisha mistari miwili mitatu ya barabara, kaondoka zake. Wenyewe hupaita kwa neno lenye maana ya "huko nyuma", kana kwamba nchi ni nyumba na kule ni uani. Sisi wa pwani ya Tanga tunalo neno letu: nyika. Kila kilichokuwa nyuma ya minazi, kikavu na chenye miiba, wazee wetu walikiita nyika, na watu wa huko wakawaita Wanyika, wapende wasipende. Hakuna aliyewauliza wao wenyewe wanajiitaje.

Oktoba 2023 niliivuka nyika hiyo ya Australia kwa gari, mimi na familia yangu, kutoka Adelaide mpaka Uluru. Ni kilomita zisizopungua 1,500 kwenda tu, na usiku tulilala kwenye mahema. Siandiki haya ili nionekane na mimi nimepanda ndege. Ndege mtu yeyote atapanda akipata ndugu wa kumkatia tiketi. Naandika kwa sababu ndani ya gari lile tulibeba, pamoja na madumu ya maji na magodoro, neno moja zito ambalo vijana wengi wa mjini wanaoota kuondoka watakuja kulibeba siku moja.

Niwatambulishe abiria. Mama yetu, mjane, mkulima wa minazi karibu na Pangani. Dada yangu mkubwa, mwenye miaka 11 Adelaide, anayefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Shemeji, Mkongomani wa Kivu aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma. Wapwa zangu wawili, waliozaliwa hukohuko, Kiswahili chao kinachechemea lakini kinafika. Na mimi, kijana wa Temeke niliyemaliza kidato cha sita nikabaki na daftari nne za riwaya isiyokwisha.

Mama hakuwa amekuja kutalii. Ndani ya mkoba wake alikuwa na karatasi iliyogongwa muhuri wa kijiji: mgawo wa shamba la ekari tatu, ekari moja kwa kila mtoto, yaani mimi, dada na kaka yetu wa katikati. Alitaka dada atie sahihi kwa mkono wake, mama akiwa hai na akili zake timamu. Sehemu yangu nilikuwa na mpango nayo. Niiuze, nilipe mpiga chapa, riwaya itoke.

Usiku wa kuamkia safari dada aliniita jikoni, akafunga mlango. "Nimekubaliwa uraia," aliniambia kwa sauti ya chini. "Kiapo ni Novemba. Mama sijamwambia."

Wengine mtasema, si habari njema hiyo? Ngojeni. Sheria yetu ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Ukila kiapo kule kwa hiari yako, huku umekwisha toka. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kama ilivyokuwa wakati huo, haikummilikisha ardhi asiye raia, isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kwa hiyo karatasi ya Mama ilikuwa na jina moja ambalo mwezi ujao lingekuwa jina la mgeni. Shemeji ndiye aliyetoa shauri la safari. Alisema neno kama hilo halisemwi sebuleni, linataka nafasi. Basi, nafasi tukaipata.

Unatoka Adelaide unakwenda kaskazini zaidi ya kilomita 300, unafika Port Augusta. Hapo ndipo inapoanzia barabara kuu ya Stuart, inayokwenda mpaka Darwin, zaidi ya kilomita 2,700. Imepewa jina la John McDouall Stuart, Mskoti aliyeivuka nchi kutoka kusini akafika pwani ya kaskazini mwaka 1862. Ni lami safi, njia mbili tu, na malori yake si kama haya ya Kariakoo. Kichwa kimoja kinavuta matela matatu, urefu mita 53. Likikupita, gari zima linayumba na Mama anasema, "Yarabi stara." Jua likikaribia kuzama unaegesha, maana kangaruu hutoka wakati huo na kuruka barabarani bila kuangalia pande zote mbili.

Hicho ndicho kilichonishangaza kwanza: kule hushindani na watu, unashindana na umbali. Kutoka kituo kimoja cha mafuta mpaka kingine unaweza kwenda kilomita mia mbili na zaidi. Mahali paitwapo Glendambo kuna kibao kinachohesabu kondoo, nzi na watu, na watu ndio wachache kuliko wote. Shemeji alikuwa na lita 60 za maji kwenye tela. Nilipomcheka akanijibu kwa Kiswahili chake cha Kivu, "Shemeji, miye nimekimbia vita kwa miguu. Maji hatuchezi nayo."

Usiku wa kwanza tulipiga kambi kando ya Lake Hart, ziwa lisilo na maji bali chumvi, jeupe mpaka upeo wa macho. Mama alitandika mswala wake juu ya changarawe. Kwetu Pangani kibla ni kaskazini. Kule unaelekea magharibi, jua linakozama. Aliposali alikaa muda mrefu akiitazama ile chumvi, halafu akauliza, "Hivi Waswahili wamewahi kufika nchi hii kabla yenu?"

Swali hilo nililijua jibu, kwa kuwa nilikuwa nimelisoma. Nikamsimulia. Mwaka 1944, wakati wa vita kuu, askari mmoja wa jeshi la anga aitwaye Maurie Isenberg alipangiwa lindo katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa Australia. Akaokota mchangani sarafu tisa za shaba, akazihifadhi miaka na miaka. Zilipopelekwa kuchunguzwa mwaka 1979, nne zilikuwa za Kiholanzi na tano zilikuwa za Kilwa. Kilwa yetu, ya masultani. Mama aliguna. "Sarafu zimefika," alisema. "Mwenye mfuko je?" Dada akainuka akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Siku ya pili tukafika Coober Pedy, mji wa machimbo ya opali. Kito hicho kiligunduliwa pale mwaka 1915 na kijana wa miaka 14, Willie Hutchison, aliyefuatana na baba yake kutafuta dhahabu. Joto la kiangazi likawafundisha wachimbaji kuishi mumo humo walimochimba, na mpaka leo wengi wana nyumba chini ya ardhi, zenye vyumba, jiko na sebule. Hata makanisa yamechimbwa. Jina la mji wenyeji hulieleza kuwa ni shimo la mzungu. Tulilala kambi ya chini kwa chini, pazuri, baridi tulivu, kuta nyekundu zenye michirizi ya mashine. Mama alizipapasa akasema, "Mnanilaza mwanandani kabla ya siku zangu." Wapwa wakacheka sana pasipo kuelewa mwanandani ni nini.

Hapo Coober Pedy nilijifunza jambo ambalo ramani haikuniambia. Magharibi ya mji huo, mahali paitwapo Emu Field, Waingereza walilipua mabomu mawili ya atomiki Oktoba 1953, kwa ruhusa ya serikali ya Australia. Kisha wakahamia Maralinga, kusini zaidi, wakalipua mengine saba mwaka 1956 na 1957. Palichaguliwa kwa sababu palionekana patupu. Lakini palikuwa na watu, wenyeji wa asili ambao njia zao za miguu, visima vyao na nyimbo zao zimepita hapo tangu makumi ya maelfu ya miaka. Waliondolewa, na wengine moshi uliwakuta. Wenzangu mnaoandika, tuwe na hadhari na neno "tupu". Mtu akisharidhika kwamba mahali ni patupu, anaweza kupafanya lolote.

Asubuhi ya tatu, kaskazini ya mji, tulipita ua wa waya uliojengwa kuzuia mbwa mwitu wasile kondoo. Una urefu wa zaidi ya kilomita 5,000. Mbele kidogo tukaona ngamia, saba au wanane, wamesimama mbali na barabara kama watu wanaosubiri basi. Mama alisisimka. "Ngamia! Nani kawaleta huku?"

Waliletwa na Waislamu, nikamwambia. Kuanzia miaka ya 1860 wafugaji kutoka nchi ambazo leo ni Afghanistan, Pakistan na India walipelekwa Australia na wanyama wao, wakabeba chakula, nguzo za simu, mataruma ya reli. Bila wao nyika isingejengeka. Ule msikiti wa zamani wa Adelaide, aliousali Mama Ijumaa iliyotangulia, waliujenga wao mwaka 1888 na 1889. Malori yalipoingia miaka ya 1920, ngamia wakakosa kazi, wengi wakaachiliwa porini.

"Na wenyewe?" aliuliza Mama.

Nikanyamaza kidogo, maana jibu lilikuwa linatupeleka kulekule. Sheria ya uraia ya Australia ya mwaka 1903 ilisema wazi kwamba mzaliwa wa asili wa Asia, Afrika au visiwa vya Pasifiki, ukiondoa New Zealand, haruhusiwi kuomba uraia. Wale wazee walijenga nchi wakafa wageni.

"Hata Afrika?" Mama akauliza.

"Hata Afrika."

Nilimwona dada kwenye kioo cha dereva. Alikuwa ameuma mdomo.

Neno lilitoka usiku huo, Erldunda, njia panda ya kwenda Uluru. Tulikuwa tumekwisha kula wali na samaki wa kopo, watoto wamelala. Anga la nyika, jamani, sitajaribu kulisifia. Nyota zilikuwa nyingi mpaka mtu anaona haya. Dada alisema yote kwa mkupuo mmoja, kama mtoto anayetoa hesabu ya chenji: barua, kiapo, sheria ya huku, sheria ya kule, shamba.

Mama hakupandisha sauti. Aliuliza maswali tu, moja baada ya jingine.

"Kwa hiyo ukishuka Dar utapanga foleni ya wageni?"

"Ndiyo, Mama."

"Utalipa kuingia kwenu?"

"Nitalipa viza."

"Na ukifa?"

"Mama, jamani..."

"Nauliza. Mzazi ana haki ya kujua mwanawe atazikwa wapi."

Dada alishindwa kujibu. Akajibu Shemeji, taratibu, macho yakiwa kwenye moto. "Mama, baba yangu tulimuzika Nyarugusu, mu kambi. Hakuzaliwa pale, na siye hatuko tena pale. Kaburi iko, wenyewe hatuko. Miye karatasi ya kwanza kuona jina yangu ilikuwa ya kupokea unga. Siku walinipa uraia hapa nililia. Si kwa sababu napenda hii inchi kuliko yetu. Ni kwa sababu hakuna mutu tena wa kuniambia ondoka."

Mama alichukua blanketi lake akaenda kulala ndani ya gari. Dada alikaa pale hadi moto ukawa majivu. Nilikaa naye. Hatukuzungumza, na mimi ninayejidai mwandishi sikuwa na sentensi hata moja ya kumpa.

Kutoka Erldunda unaingia magharibi, kiasi cha kilomita 245 mpaka Yulara, kijiji cha wageni kilicho jirani na Uluru. Njiani kuna mlima mpana wenye kichwa bapa, Mount Conner. Mpwa wangu wa kike akapiga kelele, "Bibi, Uluru! Uluru!" Sote tukachomoa simu. Baba yake akacheka, akasema kila mgeni hudanganywa na mlima huo. Mama, ambaye tangu alfajiri hakuwa amesema zaidi ya salamu, akasema, "Kumbe hata milima ina matapeli." Gari zima lilicheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Nilipumua.

Uluru yenyewe ni jiwe moja, kimo mita 348, ukilizunguka kwa miguu ni zaidi ya kilomita tisa. Mwaka 1873 mpima ardhi William Gosse aliliona, akaliita Ayers Rock kwa heshima ya Henry Ayers, mwanasiasa wa Adelaide. Wenyewe, Waanangu, walikuwa na jina lao zamani na hawakuwahi kuliacha. Tarehe 26 Oktoba 1985 serikali iliwarudishia hati ya ardhi, nao papo hapo wakaikodisha kwa serikali kama hifadhi kwa miaka 99. Kwa muda mrefu waliomba watalii wasilipande, kwa kuwa ni mahali pao patakatifu, na watalii wakaendelea kupanda. Tarehe 26 Oktoba 2019 kupanda kulipigwa marufuku. Tulikuta kovu la nyayo zao bado jeupe juu ya jiwe jekundu.

Tulitembea chini yake polepole, Mama akiwa amejitanda khanga mpaka machoni kwa ajili ya nzi. Wenzetu wazungu walikuwa na vyandarua vya kichwa vya dukani. Mahali fulani kuna kibao kinachoomba watu wasipige picha. Mpwa wangu akamtafsiria. Mama akanigeukia, "Hapa pana mizimu ya watu. Teremsha hiyo simu." Nikateremsha.

Kisha akauliza, "Wewe ulisema hawa watu walipewa hati?"

"Mwaka 1985, Mama."

"Na kabla ya hati, pahala hapa palikuwa pa nani?"

"Pao."

"Haya," akasema, akaendelea kutembea. Alikuwa mbele yangu, na mgongoni nilisoma jina la khanga yake, ile aliyoitia begini tangu Pangani bila kufikiria lolote: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Usiku ule, kambini Yulara, Mama alifungua mkoba. "Kalamu unayo?" aliniuliza. Ninayo siku zote. Akanipa ile karatasi ya mgawo, akaniambia niandike nyuma yake yale atakayoyasema. Kwamba ekari ya dada ataiweka kwa jina langu, kwa amana. Kwamba haiuzwi wala haiwekwi rehani. Kwamba nazi zake zikiangushwa, fedha zihesabiwe peke yake, na wanawe wakija, walale pale bila kuomba ruhusa ya mtu. Dada akatia sahihi kama shahidi, mkono ukitetemeka. Shemeji akatia yake. Sijui mwanasheria angesemaje juu ya karatasi ile, lakini katika ukoo wetu ina nguvu.

"Na suala la kuzikwa?" dada alinong'ona.

"Hilo tumwachie Mungu," alisema Mama. "Mimi nilitaka tu usijifanye hulijui."

Tulirudi Adelaide kabla ya tarehe 14 Oktoba. Siku hiyo Waaustralia walipiga kura ya maoni, waingize au wasiingize katika Katiba chombo cha kuwapa wenyeji wa asili sauti mbele ya Bunge. Ombi hilo lilitoka palepale Uluru, katika tamko la wajumbe wao la Mei 2017. Mitaani tulikuwa tumeona mabango ya Ndiyo na mabango ya Hapana. Shemeji alipiga kura, dada hakuwa na haki bado. Majimbo yote sita yalikataa. Mama alitazama matangazo kwenye runinga, akataka aelezwe mara mbili. "Yaani mwenyeji ameomba kusema, wageni wakapiga kura?" Ndiyo, Mama. Akakunja mswala wake, akaenda kulala.

Novemba dada alikula kiapo. Kabla ya hotuba za wakubwa, alisimama mzee wa kabila la Wakaurna, wenye ardhi uliojengwa mji wa Adelaide, akawakaribisha watu wote kwa lugha yake. Mama hakuelewa neno, lakini alisimama wakati wengine wamekaa, kama tunavyosimama kwetu mzee anapoingia.

Ninyi mnaotaka kwenda, nendeni. Sina ubavu wa kumzuia mtu, na maisha ya Temeke nayajua. Lakini kabla hamjaondoka, ulizeni sheria inasemaje, na lililo zito msemezane na wazazi wangali hai. Na sisi tunaoandika, tukifika mahali pageni, tuulize kwanza wenyewe hupaitaje, ndipo tufungue daftari.

Riwaya yangu bado haijachapwa. Ekari yangu bado ninayo, na mpango wa kuiuza sijaufuta. Lakini kila masika napanda basi la Tanga, navuka mpaka Pangani, na agizo la Mama halijabadilika: nipalilie kwanza ya dada, yangu baadaye.